Betri ya Moyo na Mchi wa Harusi

Mwanangu, nakumbuka siku moja ambayo mpaka leo ikinijia natazama chini, hata nikiwa peke yangu. Sogea hapa nikusimulie. Uzee una faida chache, na mojawapo ni kwamba aibu ya mtu mmoja inaweza kuwafaa wengine.

Miaka ile ya tisini nilikuwa mke mpya hapa Michenga. Baada ya kujifungua mtoto wa kwanza, misuli ya moyo wangu ililegea, mapigo yakawa ya kusuasua, nikawa nazimia ovyo. Masista wa misheni walinihangaikia mpaka nikapelekwa Nairobi. Huko niliwekewa kifaa kidogo cha kuongoza mapigo, chini ya ngozi karibu na bega la kushoto, chenye waya unaoingia hadi moyoni. Mimi na mume wangu tulikiita betri. Daktari alinionya kwamba waya bado haujashika vizuri, kwa hiyo mkono wa kushoto usiinuke kupita bega mpaka atakaponiruhusu.

Nami nikaona haya. Niliogopa kuitwa mke wa betri, niliogopa mume wangu atatafutiwa mwingine. Yeye alikuwa kazini relini, Mlimba. Nilimwapisha asiseme kwao. Mama mkwe nilimwambia nimepewa dawa na nimepona kabisa, na lile kovu nikasema ni la jipu. Nikawa navaa blauzi za kufunga shingo katika joto hili la bondeni. Ujinga nao una mavazi yake.

Haukupita muda, wifi yangu akaposwa. Mashine ya kukoboa ilikuwepo, lakini katika ukoo ule mpunga wa harusi hutwangwa kwa mikono, na anayeanza ni mke wa kaka wa bibi harusi. Mama mkwe aliniuliza kwa upole, "Mwanangu, utaweza? Kama hujapata nguvu, sema tu."

"Naweza, mama," nikamjibu.

Nikashika mchi, nikainua mikono yote miwili. Wanawake waliimba na kunitania, nami nikatwanga kwa madaha, mpaka macho yakaingia giza nikaanguka kando ya kinu.

Nilizindukia hospitalini Ifakara. Mjomba wangu alikuwa ameshateremka kutoka Mahenge, amesimama miguuni pa kitanda, akimwambia mama mkwe mbele ya wagonjwa kwamba alitaka kumuua binti yao kwa kazi, na kwamba huo ni uchawi. Mama mkwe aliniangalia mimi, akingoja niseme neno. Nikafumba macho, mwanangu, nikajifanya nimelala. Mjomba akaondoka na maneno yake, akayamwaga njia nzima.

Baadaye daktari wa pale alikuja na picha mkononi. "Waya umechomoka," akasema. "Si ulikatazwa kuinua mkono huu?"

Mama mkwe alisikia yote. Akasema taratibu, "Ungeniambia, ningekutwangia mimi. Umeona heri niitwe mchawi kuliko nikujue mgonjwa?"

Nilirudishwa Nairobi, waya ukawekwa upya, nikapata nafuu. Nilimwomba radhi, akanisamehe, akasema maneno ya watu yatajifia yenyewe. Nami nikayaacha yajifie, kwa sababu ilinifaa mimi. Hayakufa. Wapo waliowakataza watoto wao kula kwake hadi uzeeni mwake. Siku tuliyomzika ndipo niliposimama nikasema ukweli, na watu wote walisikia isipokuwa yeye.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi kifo kilinikosa, akaumbuka mtu asiye na kosa. Basi mwanangu, ukiugua, waambie unaokula nao chungu kimoja. Iwe betri, iwe vidonge vya kila siku, hakuna aibu katika kutaka kuishi. Na ukiona mtu anabebeshwa kosa lako, fungua mdomo angali anasikia, hata kama mwenyewe amekwisha kukusamehe.

Mungu akujalie moyo wenye nguvu, na ukipungukiwa nao, akujalie ulimi usioona haya. Na akupe mama mkwe kama yule wangu, nawe umtendee mema niliyoshindwa kumtendea mimi.