Mwanahalima wa Bungu na Sahani ya Jirani

Alizaliwa mwaka 1964 katika kijiji cha wakulima wa mpunga upande wa Mbwera, ndani ya delta ya Rufiji, binti wa kwanza wa Mzee Mshamu. Mkunga aliyempokea alisema mtoto huyu hatatulia, maana alitanguliza miguu. Hakukosea. Maisha yake yote Mwanahalima alikuwa mtu wa kuinuka kabla kiti hakijapata joto. Alipoolewa alihamia Bungu, kando ya barabara kuu, na alipofiwa na mume akabaki akikaanga vitumbua vya kuwauzia abiria wa mabasi.

Wito ulimjia Machi 2013. Mdogo wake, Nusaiba, aliyebaki Mbwera, alishikwa na uchungu na mtoto akakaa vibaya tumboni. Wakampakia kwenye mtumbwi wa makasia kumpeleka hospitali, ng'ambo kule Nyamisati. Maji yakapwa, mtumbwi ukakwama kwenye tope la mikoko, na Nusaiba akafia humo wakisubiri maji yajae. Siku ya tatu, juu ya kaburi bichi, Mwanahalima aliweka nadhiri: mpaka wajawazito wa Mbwera wapate boti ya injini, hatakula zaidi ya chakula cha shilingi mia tano kwa siku, wala hatatia kinywani kitu kisichonunuliwa kwa pesa hiyo. Faida yote ya vitumbua iwe ya boti. Nadhiri hiyo hakumwambia mtu, kwa kuwa aliogopa riya, ibada ya kujionyesha kwa watu.

Basi akaishi kwa fungu la muhogo na chumvi, na siku za neema kiganja cha dagaa. Kutwa alikaanga, hiliki na nazi zikinukia hadi barabarani, na kidole hakulamba. Njaa ilimuuma sana. Usiseme watu wema hawaumwi na njaa. Huyu alizunguka kibanda chake kama kuku anayetafuta pa kutagia, akiogopa kwamba akikaa tu ataiona sufuria. Wateja walijua anachangisha boti, nao wakatupia chenji zao kwenye kopo lake.

Mtihani ulikuja kwa njia ya wali. Mwaka 2015 jirani yake, Kuruthumu, alisoma hitima ya marehemu baba yake. Mwanahalima alikaa na wenzake hadi dua ikaisha, lakini sinia lilipotua akasimama. "Nimeshiba, mwenzangu," alisema. Kwao mtu akikaribishwa huonja, hata tonge moja. Anayekataa sahani bila sababu amekwisha kusema kwamba anaogopa kilichomo. Kuruthumu alimwangalia mbele ya wanawake wote, akamuuliza, "Umeona nini kwenye chakula changu?" Mwanahalima akatafuta viatu vyake, akatoka.

Maneno yakatembea. Ikasemwa kwamba Mwanahalima anamdhania jirani yake uchawi, kwamba eti ndiye aliyemla Nusaiba. Kuruthumu, mjane asiyemkosea mtu, akaanza kuepukwa kisimani. Na waliompenda Kuruthumu wakaacha kununua vitumbua. Kopo likakauka. Miaka miwili Mwanahalima alihangaika, akifika kwenye ua wa jirani na kurudi, akifika na kurudi. Akisema, ataonekana anajisifia ibada. Asiposema, boti haipatikani na jina la mtu linaoza. Mwishowe akaenda kwa Mwalimu Abdulkarimu wa madrasa, akamfungulia moyo.

"Nadhiri ukiivunja ina kafara yake, Bi Mwanahalima," Mwalimu akasema. "Jina la mwenzio ulilolivunja, kafara yake unaijua?"

Kesho yake adhuhuri, wanawake wakiwa wamejaa uani kwa Kuruthumu wakisuka ukili wa mikeka, Mwanahalima alipiga hodi.

"Nina njaa, Kuruthumu," alisema. "Ile siku nilikuwa na njaa. Nilikudanganya."

Kuruthumu hakuharakisha. Aliweka ukili chini, akaingia jikoni, akatoka na wali na kambale wa nazi. "Karibu," akasema. Mwanahalima akala mpaka sahani ikawa nyeupe, akaomba na ukoko, na ndipo akasimulia yote. Kuruthumu alilia kwa hasira na huruma pamoja. "Unashinda njaa mlango wa pili, mimi napika? Mungu gani amekutuma hivyo?"

Mwanahalima alifunga siku tatu kulipa kafara ya nadhiri. Tangu siku hiyo Kuruthumu, kabla ya kutia mchele chunguni, alitoa konzi moja, kiasi cha kujaa mkononi, akaiweka kando kwa ajili ya boti. Wenzake wakamfuata, Bungu kisha kijiji cha Mahege, na mchele ukauzwa kila mwezi. Mwaka 2018 boti ikashushwa majini Nyamisati. Maulida, mwanamke wa kwanza kupakiwa, alijifungua salama mtoto wa kike.

Bi Mwanahalima alifariki Juni 2021 kwa maradhi ya kifua. Manahodha wanasimulia kwamba siku ya maziko yake boti ilipita na mjamzito kwenye mkondo uleule uliomkwamisha Nusaiba, saa ambayo maji hupwa, na maji yakangoja. Anayetaka kuamini na aamini. Konzi za mchele hadi leo zinatolewa.

Wengi huusia kuiga njaa yake. Yeye hakuusia hivyo. Siku ya mwisho Kuruthumu alimletea uji, naye hakuwa tena na uwezo wa kumeza. Akafungua kinywa, akaonja.