Marufuku ya Kugonjwa

Mradi niliokuwa nafanyia kazi ulipofungwa, bima ya matibabu nayo ikaisha. Nikaona nisikae hivyo hivyo hadi nipate kazi nyingine, nikaandikisha nyumba nzima kwenye mutuelle ya afya, ule mfuko wa kuchangiana gharama za matibabu, pale Kimanga. Mama aliyetuandikisha akanieleza kwamba kadi ingeanza kutumika baada ya miezi mitatu. Nikarudi nyumbani na kutangaza kwamba hadi siku hiyo hakuna ruhusa ya kugonjwa.

Nilikuwa mkali kuliko daktari. Nilichemsha hata maji ya kuoga. Mume wangu nilimkataza kupanda pikipiki, akawa anakwenda kazini kwa miguu huku amenuna. Watoto walijificha nyuma ya nyumba kila walipotaka kupiga chafya.

Siku ya kadi ilipofika, niliamka nikicheka peke yangu. Nikavaa kitenge cha harusi na kupita chumba kwa chumba kama mtu anayegawa pipi. Nani anaumwa? Tumbo? Jino? Hata kichwa kidogo? Wote walikuwa wazima, na kwa kweli nilikasirika.

Mama mkwe, ambaye tunaishi naye, akanihurumia.

“Mwanangu, minye niko na goti inaniluma,” akasema, “kama hiyo inaweza kukufurahisha.”

Nilimkumbatia, nikaita pikipiki zilezile nilizozikataza, nikacheka njia nzima. Hospitalini, daktari akamuuliza goti lilianza lini kumsumbua.

“Dokta, ni toka ile siku huyu alitukataza kugonjwa.”