Trekta Iliyovutwa na Maksai wa Mama

Mjukuu wangu ni karani katika kampuni inayouza trekta hapa Kisumu. Mwaka huu kampuni ilitundika picha zake za zamani ukutani, ikaita familia za wafanyakazi zije kuona. Nilivaa rinda la kanisani nikatoka kwetu Pap Onditi, kule Nyakach, asubuhi. Sikwenda kwa ajili ya soda.

Picha zilikuwa nyingi, nyeusi na nyeupe. Kulikuwa na mashine ya kupukuchua mahindi, ya kuzungushwa kwa mkono. Kulikuwa na Wazungu wa kaptura wamesimama kando ya plau kama watu waliomuua simba. Mjukuu alinisomea maandishi ya chini, maana shule niliiacha mapema na macho yangu kwa herufi yanatembea polepole. Tulipofika picha ya saba nikasimama.

Nilikuwa namwangalia mama yangu.

Ameshika kiboko, leso imefungwa kiunoni, kando ya maksai wake wanne. Nyuma ya maksai kuna trekta.

"Soma hapo," nikamwambia mjukuu.

"'Trekta yetu ya kwanza Nyakach. Mke wa mkulima akitazama.'"

"Akitazama nini?"

"Trekta, Dani." Hivyo ndivyo wajukuu wanavyoita nyanya yao kwetu.

"Soma tena."

Akasoma tena. Yalikuwa maneno yale yale.

Sasa nisikilizeni, kwa sababu siku hiyo nilikuwepo. Kwetu boma la wake wengi lina mpango wa kulima. Mke wa kwanza, mikayi, ndiye anayeanza. Shamba lake lisipoguswa, hakuna mwingine anayegusa lake, na anayevunja mpango huo analeta ugonjwa nyumbani. Mama yangu ndiye alikuwa mikayi. Mzungu wa kampuni alipokuja kuonyesha trekta, alichagua shamba la mke mdogo, kwa kuwa lilikuwa tambarare na karibu na barabara. Baba alijua ni makosa. Akanyamaza, kwa sababu alikuwa amesifiwa kuwa mkulima wa mfano.

Shamba hilo lilikuwa la udongo mweusi, karibu na kijito, na mvua ilikuwa imenyesha siku mbili. Hapo sisi hatukuwa tunapitisha hata baiskeli. Hakuna aliyemwambia Mzungu. Hakuuliza.

Trekta ilikwenda hatua ishirini hivi, ikazama. Kadiri ilivyonguruma ndivyo ilivyozidi kushuka. Baba akaja kwa Mama anahema.

"Mama watoto, leta maksai."

"Maksai wana kazi."

Mama akawafunga plau, akalima kwanza shamba lake mwenyewe mwanzo hadi mwisho. Mimi nilikuwa mbele nawaongoza maksai, miguu imejaa tope. Mzungu alikaa juu ya trekta yake akivuta kiko. Mama alipomaliza, na si kabla, alifungua plau akachukua mnyororo. Mke mdogo, ambaye yeye na Mama walipendana kwa matusi, akampigia kelele: "Mikayi, funga na hiyo mashine nira, tulime nayo!" Watu walicheka mpaka Baba akaangalia pembeni. Mama hakucheka. Aliwaambia maksai neno moja, trekta ikang'oka na sauti kama mtoto anayetolewa kwenye titi. Mnyororo ulipokaza, kabla haijang'oka, ndipo Mzungu aliposhuka akaitoa kamera yake.

Hiyo ndiyo picha. Halafu mtu anaandika "akitazama".

Meneja akaja, kijana wa tai, wale wanaoishi Milimani, mtaa wa wenye pesa. "Karibu Mama. Umeonaje historia yetu?"

"Huyu ni mama yangu. Hakuwa anatazama. Alikuwa anatoa trekta yenu kwenye matope."

Akacheka kwa adabu. "Mama, hii inaonyesha zamani na sasa, pamoja."

"Leta kidole."

Nilikishika kidole chake nikakiweka kwenye pua ya trekta, nikakipeleka juu ya mnyororo, pete kwa pete, hadi kwenye nira. Kicheko kikaisha.

"Na magurudumu yako wapi?" nikamuuliza. Nusu yalikuwa chini ya udongo.

Mjukuu akanivuta mkono. "Dani, huyu ni bosi."

"Najua. Ndiyo maana naongea na yeye."

Bosi akasema picha na maneno yake tayari vimepelekwa kwa wachapaji wa kalenda ya kampuni, kubadilisha ni vigumu. Nikavuta kiti, nikakiweka chini ya picha, nikakaa. Kila mgeni aliyefika nilimweleza. Fundi wao wa trekta, mzee wa ovaroli, aliinama akaangalia, akashika ukuta kwa kicheko: "Bosi, hii imezama mpaka ekseli!"

Mchana bosi alileta karatasi mpya. Mjukuu akasoma: "'Trekta ya kwanza Nyakach ikisaidiwa na maksai.'"

"Anayesaidiwa ni yule anayetembea kidogo," nikasema. "Hii ilikuwa imekaa. Na mwenye maksai yuko wapi?"

Akarudi ofisini. Karatasi ya pili nilikataa kusomewa. Niliisoma mwenyewe kwa kidole, neno kwa neno, na watu wote wakangoja: "Mama mkulima wa Nyakach na maksai wake wakivuta trekta yetu kutoka matopeni."

"Bandika," nikamwambia. "Sasa kalenda."

"Nitawapigia kesho, Mama."

"Simu unayo mkononi."

Akapiga akiwa amesimama mbele yangu, sauti imefunguliwa nisikie. Aliwasomea maneno yote, nami sikuinuka mpaka mtu wa upande ule aliposema ameyaandika.