Hapa Halazimishwi Mtu

Nilipokuwa mtoto nilidhani kila nyumba ina kibweta cha mchele wa kiapo, kama kila nyumba ilivyo na kinu na mbuzi ya kukunia nazi. Kwetu Mkunazini kilikaa juu ya kabati la Bibi, na mimi nilikatazwa hata kukitazama sana. Mchele ule haukuwa wa kupikwa. Ulitafunwa mkavu, kikipotea kitu, ili mwizi ajulikane. Asiye na hatia, walisema, hutafuna ukalainika kama uji. Mwizi humkaukia mdomoni. Mpaka leo nikiufikiria nashikwa na kichefuchefu, na sioni haya kusema.

Kilichopotea mara ile ni bangili ya dhahabu ya Bibi, aliyovishwa siku ya harusi yake na asiivue tena. Aliugua homa, akakonda, na alipopata nafuu akautazama mkono wake: mtupu. Nyumba ikapinduliwa. Tukafagia mpaka nyuma ya mtungi. Bangili hakuna.

Wazee wangu walikuwa Pemba kikazi, kwa hiyo nyumbani tulikuwa Bibi, mimi, Ami Nassor, mdogo wake baba, na Mwanakhamis. Mwanakhamis alikuwa jamaa yetu wa mbali kutoka Bwejuu, msichana aliyekwishavunja ungo zamani, aliyeletwa mjini asaidie kazi na yeye asomeshwe cherehani. Alikuwa akinisuka, akinichekesha, akinifichia ukoko wa wali. Yeye ndiye aliyemuuguza Bibi, akimkanda na kumlisha, kwa hiyo macho yote yalikuwa kwake kabla kibweta hakijateremshwa. Yaani kumuuguza mtu ndiko kulikokuwa kosa lake.

Mganga akaitwa. Alitaka aitwe Maalim, sijui alimsomesha nani. Kanzu ina madoa ya tambuu, shavu limevimba kwa kutafuna, mate mekundu akiyatema ndani ya kopo lake. Ukucha wa kidole cha mwisho alikuwa ameufuga. Alikaa ukumbini mchana kweupe, tukisha kusali adhuhuri, akaweka sahani moja ya bati katikati ya mkeka.

"Hapa halazimishwi mtu," alisema. "Anayetaka atafune. Asotaka, mlango ule pale."

Maneno matamu hayo! Nani aondoke? Atakayeondoka ndiye mwizi. Ami Nassor, aliyekuwa akifanya kazi bandarini na akijiona ameshaijua dunia yote, alicheka.

"Mimi mambo haya siyaamini."

"Huamini, basi unaogopa nini?" Bibi akamuuliza.

Ami akakinga kiganja, akatafuna. Anayeamini na asiyeamini wote wakawa wanatafuna mchele mmoja.

Wake ulitoka chepechepe, kwa kuwa hakuwa na hofu nao. Wangu ulitoka rojorojo jekundu, maana nilikuwa nimetoka kumumunya ubuyu na mate yamenijaa tele. Tulitema kwenye sahani ile ile, na Maalim akachokoa kila tonge kwa ukucha wake, akanusa, akasema, "Safi." Kisha kwa ukucha ule ule akangojea la mwingine. Audhubillahi! Na mimi ndiye niliyetakaswa na ubuyu wa dukani.

Mwanakhamis alikuwa akitetemeka tangu asubuhi. Amekua akisikia kwamba mchele huu umewavimbisha watu matumbo, na hakuutilia shaka hata siku moja. Hapo ndipo lilipokuwa balaa. Alijua hakuiba, lakini aliuamini mchele kuliko alivyojiamini mwenyewe. Akatafuna, akatafuna. Taya zinakwenda, mate hayaji. Alipotema ukatoka unga mtupu, mweupe, ukarukia mpaka kwenye kanga ya Bibi.

"Panua mdomo," Maalim akamwambia. Akamtia kidole, kile kile, akakizungusha chini ya ulimi wake kama mtu anayetafuta kitu mfukoni. Mwanakhamis akatapika. Na kule kutapika nako kukawa ushahidi.

"Sikuiba, Bibi. Wallahi sikuiba."

"Mimi sijasema kitu, mwanangu," Bibi akajibu. "Mdomo wako ndio uliosema."

Haikufika alasiri, Ami akamrudisha kwao. Cherehani ikawa ndiyo basi. Nilimlilia nikaambiwa ninyamaze, mwizi haliliwi.

Hata, baada ya miezi, akaja fundi wa magodoro kuichambua sufi ya godoro la Bibi. Alipolifumua, bangili ikaanguka sakafuni, imezongwa na sufi. Mshono wa ubavuni ulikuwa umeachia, na mkono uliokonda kwa homa ulikuwa umeipenyeza humo usingizini. Hata mimi mtoto niliona.

"Bibi!" nikaruka. "Dada Mwanakhamis hakuiba!"

"Nyamaza. Kiapo hicho," Bibi akasema, akaibusu bangili, akaivaa. "Kimemtia mwizi hofu, akairudisha kwa njia zake."

"Mwizi yuko Bwejuu, Bibi!"

"Kwani hujui watu wana njia?"

Nikamtazama Ami. Ami, bingwa wetu wa kutoamini, akatazama dirishani. Hakuna aliyekwenda kuomba radhi. Maalim ndiye aliyepelekewa shukrani, kanzu mpya, aichafue kwa tambuu kama ile ya zamani. Bibi alinilea, nampenda, Mungu amrehemu, na bado nikilikumbuka busu lile natamani kunawa.

Mwaka huu nilikwenda Bwejuu kwenye maziko ya jamaa, nikaulizia nyumba ya Mwanakhamis. Mwanamke mzima sasa, ana wajukuu, analima mwani, vidole vimechujuka kwa maji ya chumvi.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Nani wewe? Zuhura? Zuhura wa Mkunazini!" Akanikumbatia, akalia, akanitandikia mkeka ndani. Mwilini mwake sikuona dhahabu, hata kipini cha pua. Tulizungumza vizuri, tukacheka. Niliponyanyuka kwenda msalani nikauacha mkoba wangu mkekani, na yeye akanyanyuka upesi, akanitangulia kutoka nje.

"Chukua mkoba wako, mdogo wangu. Mimi sikai peke yangu na kitu cha mtu."

Nikasimama pale pale mlangoni nikamwambia yote: godoro, mshono, bangili, fundi. Nilidhani namfungua pingu. Alinisikiliza mpaka mwisho, uso haukubadilika.

"Nshasikia habari hizo zamani," akasema. "Bibi yako aliniletea salamu kuwa kiapo kimeirudisha."

"Hakikurudisha kitu! Ilianguka yenyewe. Wewe hukuiba, dada."

"Usiseme hivyo. Mimi nnakumbuka nilivyoichukua."

"Unakumbuka nini?"

"Nnakumbuka. Miaka ya mwanzo nilikuwa nnakataa. Nikawa silali, nnawaza, mbona koo lilinikataa? Koo langu mwenyewe. Ndipo nikaja nikaona. Bibi amelala, mkono uko nje ya shuka, mimi nnaivua polepole." Akanionesha, kwa vidole vile vilivyochujuka. "Nnaiona mpaka leo."

Mtu ameibiwa mpaka kumbukumbu zake, akawekewa za uongo, naye anazitunza. "Dada," nikamuuliza, "nani aliyekulazimisha kuamini hivi?"

Akastaajabu. "Hakunilazimisha mtu. Kwani hukuwepo wewe? Si Maalim alisema?"

Nilikuwepo. Njia nzima nikirudi mjini nilikuwa na kinyaa hata cha mate yangu. Watu hupenda kusema imani ni khiyari ya mtu. Khiyari gani hiyo, mtu anayotiwa mdomoni kwa ukucha wa mtu mwingine, tena mbele ya mlango uliowachwa wazi makusudi? Mwanakhamis hakuchagua, wala Bibi, aliyetafunishwa mchele huo na wakubwa wake. Nikajiambia kwamba angalau mimi nimenusurika. Mimi nimechagua. Nimeona godoro likifumuliwa kwa macho yangu, najua kwamba hofu hukausha mate, na kwamba hakuna jengine.

Nilipofika nyumbani kwangu, mtaa wa Amani, watoto walikuwa skuli, jikoni kumetulia. Nikafungua ndoo ya mchele, nikachota kidogo, nikautia mdomoni. Nilitaka kucheka tu, nimalize. Nikatafuna. Nikangoja mate. Nikatafuna tena, nikasikia ulimi unagandana na kaakaa, na nilipotema ndani ya sinki ulitoka unga mweupe, mkavu.

Sikucheka. Nilisimama pale, bomba linamwagika, nikijiuliza nimeiba nini.