Gari Yote Iko Salama

Ofisi yetu pale Tororo ilikuwa chumba kimoja cha boma, na dirisha lake lilitazama mwamba. Ukutani palikuwa na ubao uliotolewa shule fulani, na kapteni aliyetusimamia alikuwa ameugawa kwa chaki sehemu nne: Mkenya, Mtanzania, Mwarabu, Mzungu. Hao ndio tuliotakiwa kuwaaminisha kwamba vita vyetu na Tanzania vinakwenda vizuri.

"Mkenya napenda nini?" kapteni aliuliza siku ya kwanza.

"Biashara, afande."

"Andika biashara. Mwarabu?"

"Dini."

"Na Mzungu?"

Akajijibu mwenyewe: "Mzungu napenda karatasi iko na muhuri." Tulicheka, na mara hiyo hatukucheka kwa woga.

Basi vita vile vile vilisemwa kwa namna nne. Mwarabu aliambiwa tunalinda misikiti. Mzungu aliandikiwa malalamiko marefu ya mipaka iliyovukwa. Askari wa Tanzania aliandaliwa vikaratasi vya kumwambia kwamba mkewe ameshamsahau. Hayo yote yalipelekwa Kampala. Mkenya peke yake alibaki wetu, kwa sababu alikuwa hapo karibu, Busia, mji uliogawanywa na mpaka, ng'ambo ya kizuizi. Yeye aliambiwa hakuna lolote lililotokea, alete chumvi na mafuta.

Mkenya nilipewa mimi. Nilisomea Mombasa, nyumbani kwa shangazi, na Tororo nzima ilijua kwamba Kiswahili changu kimenyooka. Wengine walisema naringa, na hawakukosea. Kapteni alikuwa akitamka tangazo kwa Kiswahili chake cha kambini, mimi nalinyoosha, Mwalimu analipiga chapa, na asubuhi linapelekwa Busia kusomwa kwa vipaza sauti kutoka juu ya gari la serikali. Mwalimu alikuwa mzee wa kijiji cha Paya aliyenifundisha darasa la tatu, na shule ilipokosa mishahara akaja kwetu na miwani yake iliyofungwa uzi. Aliniita mwanangu, hata mbele ya kapteni.

Nakiri kwamba niliipenda kazi ile. Nilipenda kuchukua sentensi iliyovunjika mguu na kuitembeza. Sikujiuliza sana ilikuwa inakwenda wapi.

Mdogo wangu ndiye aliyejiuliza. Alikuwa dereva wa lori la familia, akipeleka mihogo na mtama Kenya na kurudi na chumvi na sukari. Mkewe alikuwa na mimba kubwa. Kabla ya safari yake ya mwisho alikuja kwangu mchana, akasimama jikoni akila chapati zangu bila kukaribishwa.

"Dada, watu nasema lori ikitoka Kenya ikiingia Busia yetu jeshi nachukua. Lori na dereva. Ni kweli?"

Nilimwambia ni kweli. Nilikuwa nimesikia kapteni akiyahesabu malori kwenye simu, akifurahi.

"Sasa mimi nitajua aje siku ya kurudi? Wewe kila siku nasema tu karibuni, karibuni."

Hapo ndipo tulipopanga. Matangazo mengine yalikuwa ya kweli: saa za kufunguliwa mpaka, siku ya soko, barabara iliyoharibika. Nikamwambia: tangazo la kweli nitalinyoosha kama kawaida. La uongo nitaliacha kama kapteni alivyolitamka. Ukisikia limenyooka, huyo ni mimi, njoo. Ukisikia "gari yote iko", kaa huko huko.

Alicheka mpaka akapaliwa. "Dada, wewe kusema 'gari yote iko'? Utaugua!"

Niliona nimekuwa mjanja. Kapteni asingeng'amua kitu, kwa kuwa kosa lile ndilo lililokuwa lugha yake, na wakubwa wake walizungumza vivyo hivyo. Ng'ambo ile wangedhani tu ni Kiswahili cha Uganda, ambacho walizoea kukicheka.

Mdogo wangu alivuka, na vita vikasogea. Madereva wakakwama Busia ya Kenya, malori yamepangwa kando ya barabara, kila mmoja akingoja mwenzake athubutu. Mafuta yalikuwa yamekauka kambini. Siku moja kapteni alikuja na macho mekundu, akasimama mbele ya sehemu ya Mkenya na kusema bila kupumzika: "Andika. Gari yote iko salama. Dereva yote asiogopa. Mtu nakuja na lori yake narudi na lori yake."

Niliandika neno kwa neno. Nilijicheka mwenyewe kwa kukosea makusudi. Kapteni alisoma, akasema "Mzuri," akatia sahihi. Nikaweka karatasi mezani kwa Mwalimu, nikaenda kumwona wifi yangu, ambaye miguu ilikuwa imeanza kumvimba. Nililala vizuri siku hiyo. Hilo linaniuma mpaka leo.

Kesho yake, kama saa tatu asubuhi, nilifungua jalada kuweka nakala ya kaboni. Ilisema: Magari yote yako salama. Madereva wote wasiwe na hofu. Kila anayekuja na lori lake atarudi na lori lake.

"Mwalimu," nilisema. "Hili limepelekwa?"

"Alfajiri." Akavua miwani, akatabasamu. "Nilikuona jana umechoka, mwanangu. Ukaacha makosa kama mtoto wa darasa la kwanza. Nikasema, hapana, Wakenya hawatamcheka huyu."

Kapteni alikuwa kwenye simu, hatua tano kutoka tulipokaa. Nilimwambia, "Asante, Mwalimu."

Nilitoka kana kwamba naenda msalani, nikakimbia hadi stendi. Pale nilimkuta mama mmoja Msamia, kabila la pande zote mbili za mpaka, muuza maharage, aliyezijua njia zote za mashamba za kuvukia. Nilimpa jina la mdogo wangu na rangi ya lori, nikamwambia amzuie hata kwa kumshika shati. Aliniangalia usoni, akaacha magunia yake hapo hapo.

Alirudi jioni, vumbi hadi magotini, na hakutaka kukaa.

"Mimi nafika, yeye amekwisha kwenda," alisema. "Wenzake nasema, gari ile ya sauti ilisoma, yeye nacheka. Nasema, 'Huyo ni dada yangu. Hakuna mtu mwingine Uganda nzima anaweza sema vile.' Akawasha lori, wa kwanza. Wengine wakangoja waone."

Wengine waliona. Hakuna lori la pili lililovuka.

Lori letu nililiona siku chache baadaye likipita mjini limejaa askari. Yeye hakuonekana tena, kambini wala gerezani, wala katika mashimo ya maiti yaliyofukuliwa askari wale walipokimbia. Mkewe alizaa mtoto wa kike.

Tulimsomea hitima bila kaburi, uani kwetu, vita vilipokwisha. Mwalimu alikuja kwa miguu kutoka Paya, Mkristo peke yake kati ya kanzu, amevaa koti lake la shule. Baada ya dua aliomba ruhusa aseme neno la kuwafariji wafiwa. Alimsifu marehemu kwa adabu. Kisha akanigeukia, na niliona kwamba alitaka kunipa kitu, na hakuwa na kingine.

"Huyu dada yake," alisema, "ndiye mwanafunzi bora niliyepata. Kuanzia darasa la tatu mpaka ofisini, nimemsahihisha mara moja tu."

Watu waliitikia kwa vichwa. Nilikwenda alipokaa, nikammiminia chai.