Kuku Waliowakimbia Wageni

Kwetu, karibu na Mayoni, mgeni ambaye hajala kuku hajafika. Unaweza kumpa chai, ndizi za kuchemsha, hata nyama ya ng'ombe, lakini akirudi kwao atasema alipita tu njiani. Mama yangu aliijua sheria hiyo kuliko Amri Kumi. Sikumbuki mgeni aliyetoka nyumbani kwetu bila mafuta mdomoni, mchungaji wetu akiwa wa kwanza. Mwenyewe hakuwa akila kuku. Wanawake wa rika lake walilelewa wakiambiwa kuku ni wa wanaume na wageni, basi yeye aliwafuga, akawapika, akawatazama wengine wakila, na nilipomlaumu alinicheka.

Katikati ya miaka ya tisini nilikuwa mwalimu mpya wa biolojia, nimepanga chumba Amalemba, mjini Kakamega. Somo la mageuzi ya viumbe liliniweka matatani pande zote mbili. Darasani wanafunzi walitaka niwaambie kama babu yangu alikuwa nyani. Nyumbani, akina mama wa kanisani walikuwa wamempelekea Mama habari kwamba binti yake analipwa mshahara ili afundishe kwamba Mungu hakuumba. Mama hakugomba nami. Alisema tu, "Sisi tunakuombeanga, mwalimu," na neno hilo la mwisho alilivuta weee, mpaka nikatamani kuwa mshonaji.

Mwaka huohuo nikapata mchumba, mtu wa upande wa Buyangu kule msituni, ikapangwa siku ya baba yake kuja kwetu na wazee wawili kuanza mazungumzo. Nilimpenda sana mwanamume yule, na nilitaka watu wake wanipokee vizuri. Kwa hiyo nilipofika nyumbani asubuhi ya siku yenyewe nikamkuta Mama ameketi chini, sketi ina matope, anahema, nilidhani kuna msiba.

"Kuku wamenishinda," akasema.

Nilipokuwa mdogo kuku wa Mama walikuwa wapole kupita kiasi. Ulikuwa ukiwaruka jikoni ili ufike kwenye sufuria. Sasa walikuwa wembamba, miguu mirefu, wanalala juu ya mparachichi. Ukiwamwagia mahindi, wanakuangalia kwa mbali. Ukipiga hatua moja, wote wameshaingia kwenye miwa, na miwa ya mwaka ule ilikuwa imechelewa kukatwa, imesimama mpaka karibu na mlango wa choo. Hata vifaranga wa siku tatu walikimbia kabla ya kuona sababu ya kukimbia.

Alibaki mmoja tu wa kushikika, kuku jike mwekundu, mnene, aliyependa kulala kando ya meko. Alikuwa amepona miaka yote kwa bahati: kila wageni walipokuja alikuwa analalia mayai au ana vifaranga, na Mama hakuwa anachinja mzazi. Watoto wake ndio walioishia kwenye chungu, kwa sababu walikuwa wapole kama yeye. Wachache waliobaki walichukuliwa na mwewe.

Wageni wakafika mapema, kama kawaida ya watu wenye nia njema. Baba akawaingiza sebuleni, akaanza maombi, akayarefusha kwa makusudi. Aliombea barabara, aliombea mvua, aliombea hata mataifa ya mbali. Mama akachukua kisu kwa mkono mmoja na kuku mwekundu kwa mkono wa pili, tukaenda nyuma ya jiko. Hapo ndipo somo langu lote lilinijia, nimesimama kwenye maganda ya ndizi.

"Mama, ngoja. Miaka yote hii, mgeni akija ulikuwa unashika kuku gani?"

"Yule anashikika. Unataka nishike yule anakimbianga?"

"Na yule wa kukimbia?"

"Anabaki."

"Anataga?"

"Si kuku ni ya kutaga?"

"Na vifaranga wake wanafanana na nani?"

Mama akashusha kisu. Akautazama mparachichi.

"Unaniambia hawa kuku wamejifunza kukimbia?"

"Hakuna aliyejifunza, Mama. Wapole tumewala kabla hawajaacha watoto. Wazembe mwewe amewachukua. Wale waliozaliwa na mbio ndio wamebaki, na hawa wote ni watoto wao. Ni wewe umewachagua. Wewe na mwewe na mchungaji."

"Mchungaji usimtaje."

"Na huyu ndiye mpole wa mwisho. Ukimchinja, upole umeisha nyumba hii."

"Na nisipomchinja, wazee wa watu watarudi kwao wamekula mboga kwa mambo ya ndoa yako!" Sauti yake ilipasuka. "Watasema nini juu yako? Watasema tumekutoa kama mtu asiye na wenyewe."

Niliogopa kama yeye. Biolojia haikunifundisha cha kuwapa wakwe.

Kumbe baba mkwe wangu mtarajiwa alikuwa amesimama kwenye kona ya nyumba. Alikuwa ametoka kutafuta choo, labda pia kuyakimbia maombi, na alikuwa amesikia kila kitu. Mama alitaka ardhi ifunguke immeze. Mzee akavua koti lake la suti, akalitundika kwenye kamba ya nguo, akakunja suruali.

"Mama, hata kwetu tulifika hapo," akasema. "Tulikula wapole wote, tukabaki na wakora. Wacha huyo mwekundu. Tukimbize mkora mmoja."

Akawaita wenzake. Baba naye akatoka, amina haijasemwa. Wazee wanne waliovaa tai waliingia kwenye miwa wakipiga kelele, mmoja akaanguka mtaroni, na baada ya muda mrefu mkwe wangu akatokea amekumbatia jogoo, shati limechanika, anacheka hadi machozi. Jogoo yule alichemka saa tatu nzima na bado alikuwa mgumu. Walimla wakamsifu. Mazungumzo hayakuwa na mvutano wowote, kwani ni vigumu kumkazia mtu uliyemtoa mtaroni.

Wakati wa kuagana Mama alimfunga miguu yule kuku mwekundu akampa mkwe, maana mgeni wa heshima haondoki mikono mitupu. "Huyu si wa kuchinja," akamwambia. Mzee akaapa. Mimi, nakiri, nilikasirika, kwa sababu sikumwokoa ili apewe watu.

Jumatatu niliwasimulia wanafunzi habari za kuku wa Mama. Niliwaambia pia kwamba porini hakuna mama wala mgeni wa kuchagua: baridi, njaa, ugonjwa na mwewe hufanya kazi hiyohiyo polepole, kwa vizazi visivyohesabika, na ndiyo sababu viumbe vimekuwa vingi na tofauti hivi. Hakuna aliyeniuliza tena habari za babu yangu. Mmoja aliuliza kama mbu wa kwao wanaokataa kufa kwa dawa ni jambo lilelile, na nikafurahi kiasi cha kutaka kumpa soda.

Nikaolewa mwaka uliofuata. Asubuhi ya kwanza Buyangu niliingia katika jiko la wenyewe, sijui chumvi iko wapi, wanawake watatu wananitazama ninavyowasha moto. Machozi yalikuwa karibu. Nikahisi kitu kizito juu ya mguu wangu. Alikuwa kuku mchanga mwekundu, na nyuma yake wengine watano wanaingia bila wasiwasi na kujipanga kando ya meko, na mama yao mzee kati yao. Mkwe wangu alikuwa amewakataza watu kuwagusa, na wageni wake wote aliwakimbizia wakora kwanza.

Nilipokwenda nyumbani kusalimia nilibeba mitetea miwili na jogoo kwenye kikapu. Niliwafungulia uwanjani. Mama, bila kuinuka kwenye kigoda, alinyoosha mkono akamshika mmoja, akampakata, akampapasa mgongo kwa muda mrefu.

"Mwalimu," akasema, na safari hii neno hakulivuta. "Hebu niambie tena ile ya mwewe."