Gita Chini ya Sauti ya Bibi

Sie tuliokulia Sib, huku Omani, enzi za redio kaseti, barua zetu zilikuwa na sauti. Mama akimsalimia Bibi kwenye kaseti, anapewa msafiri aifikishe Unguja, na Bibi anajibu juu ya kaseti ile ile, anafuta maneno yetu. Kila akituuliza hali alinyamaza kidogo, kutupisha tujibu. Na tukijibu! Watoto wote tumeiinamia redio, harufu ya mikate ya mofa na samaki wa kukaanga imejaa ukumbini, tunapiga kelele kwamba hatujambo. Leo mwanangu Salma akiletewa ujumbe wa sauti huuongeza mwendo, shangazi yake anaongea kama chiriku.

Mjomba Seif, kaka yake Mama, alikuwa fundi wa magari Wadi Kabir, na ana wazimu wa gita la umeme. Alirekodi kipande cha muziki wa roki ya kizamani, hakina mwimbaji, hakifiki hata dakika mbili. Chai haijapoa kimeshakwisha. Basi kikashika namba moja redioni wiki baada ya wiki, na mtaa mzima tukikipiga mluzi. Mama, kwa kujigamba, akachukua kaseti ya Mjomba mwenyewe, ya pekee aliyokuwa nayo, akampelekea Bibi, naye amsikie mwanawe.

Kabla kaseti haijarudi, Mjomba akafa kwa ajali barabara ya Bustan. Bibi alipoijibu hakuwa na habari. Akafanya kama desturi: akarekodi juu yake. Tukaulizia kituo cha redio kama wana nakala, tukaambiwa yao haionekani. Hapo ndipo Mama alipolia kama siku ya maziko, maana hakubakiwa na kingine cha kaka yake.

Tukakaa kuisikiliza kaseti iliyorudi. Bibi akamsalimia mmoja mmoja, kisha akasema, "Seif, mwanangu, hujambo?"

Akanyamaza. Na ndani ya kimya kile tukasikia gita. Dogo, la mbali, linakwenda mbio vile vile. Baba akaeleza kwamba redio ya Bibi kongwe, haifuti sawasawa. Nilimwelewa, na mwili ukanisisimka hivyo hivyo. Mama akarudisha nyuma. Bibi akauliza, gita likajibu. Ikawa kila Ijumaa baada ya chakula, hata Bibi naye alipokwisha kufa, na mie nikiogopa, nikitoka nje.

Juzi kaseti ilikatika. Tukamshukuru Mungu kwamba Salma alishaihamishia kwenye simu yake, yenye nyimbo nyingi hata hajui anazo ngapi. Akamwekea Mama kwa furaha, akamwambia ameisafisha, mikwaruzo na makelele yote ameyatoa. Na kweli, Bibi alisikika kama yuko chumba cha pili. Akamuuliza Seif hali. Mama akaibana simu sikioni, akangoja, mpaka Bibi akaendelea na salamu za majirani.

"Leo hajajibu," Mama akasema.